Je, Sakafu Itahimili Hodhi la Samaki?

Samaki wa Ziwa Tanganyika husafiri mbali. Wako wanaoishi katika nyumba za Ubelgiji na Ujerumani, ndani ya mahodhi ya kioo, wakitazamwa na watoto wasioliona ziwa lenyewe kamwe. Mmojawapo ana nundu kubwa juu ya paji la uso. Wataalamu humwita Cyphotilapia frontosa. Akikomaa huweza kupita sentimeta 30, kwa hiyo hodhi dogo halimfai: ahitaji mamia ya lita. Hapo ndipo mwenye nyumba apaswa kuuliza swali ambalo wengi hulisahau: sakafu itayahimili maji hayo?

Hesabu yake si ngumu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Hodhi lenye urefu wa sentimeta 150, upana 50 na kina 50 huchukua lita 375, yaani kilo 375. Ongeza vioo, mchanga, mawe na meza yake: jumla yapata kilo 500, sawa na mifuko 10 ya simenti iliyorundikwa mahali pasipotimia meta mraba 1. Samaki wenyewe hawaongezi kitu, maana kila mmoja hushika nafasi ya maji yenye uzito karibu sawa na wake.

Tena, kinacholemea kila meta mraba si urefu wa hodhi, bali ni kina cha maji. Kila sentimeta 10 za kina huweka kilo 100 juu ya meta mraba 1. Kanuni za ujenzi za Ulaya kwa kawaida huhesabia sakafu ya nyumba ya kuishi mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa meta mraba. Maji ya kina cha sentimeta 50 yamekwisha kupita kiasi hicho maradufu.

Je, nyumba itabomoka? Aghalabu sivyo, kwa kuwa kiasi kile huhesabiwa kwa chumba kizima, na sehemu kubwa ya chumba huwa tupu. Lakini katika ghorofa ya mbao yote hutegemea boriti. Hodhi likilazwa sambamba na boriti, moja au mbili tu zitaubeba mzigo wote. Likikingamishwa, boriti tatu au nne zitasaidiana. Na liwekwe karibu na ukuta ule ambao vichwa vya boriti vimeegemea. Katikati ya chumba ndipo zinapopinda zaidi. Wageni saba wanene wakisimama hapo watakwenda zao jioni, bali maji hayaondoki, na mbao chini ya mzigo wa kudumu huzidi kupinda mwaka baada ya mwaka. Boriti iliyoliwa na mchwa, au iliyooza kwa unyevu, au iliyokatwa na fundi ili kupitisha bomba, isitumainiwe hata kidogo. Ichomwe kwa ncha ya kisu: ikiingia kwa urahisi, achana na jambo hilo.

Kwa kawaida kioo hutangulia kupasuka kabla ya sakafu kuvunjika. Meza ikiinama upande mmoja, hodhi hujipinda, maungio yake huachia, na lita 375 zamwagika penye nyaya za umeme. Kwa sababu hiyo yafaa kulijaza kidogo kidogo, robo kwa siku, na kupima kila mara kama uso wa maji ulingana na ukingo wa kioo pande zote.

Nyumba isiyo na ghorofa, yenye sakafu ya simenti juu ya ardhi iliyoshindiliwa vema, haina shaka kubwa, kwani ardhi ndiyo hubeba. Shida huja pale simenti ilipomwagwa nyembamba juu ya kifusi kilicholegea: miguu minne ya meza huitoboa kama vigingi. Ubao mnene uwekwe chini ya miguu hiyo, kusudi uzito utawanyike. Anayeishi juu ya mbao, naye hataki kuwaacha samaki wake, achague hodhi pana lenye kina cha sentimeta 30, kisha amwite seremala aikague sakafu kwa chini kabla maji hayajatiwa.