Goma: Vumbi linaua kompyuta, lakini sanduku lake linaweza kujengwa nyumbani

Fungua kompyuta ya mezani iliyofanya kazi miaka miwili katika nyumba iliyo kando ya barabara mjini Goma. Ndani utakuta vumbi jeusi la mawe ya volkano limeshika feni kama manyoya, na matundu ya kupitisha hewa yamezibwa. Mwenyewe anasema mashine imekufa, kwa kuwa inajizima kila baada ya dakika chache. Mara nyingi haijafa. Joto limepanda, na kompyuta inajizima yenyewe ili isiungue. Kilichoshindwa kazi ni sanduku.

Jambo hilo linaonekana dogo mpaka pale mashine hiyo inapokuwa ndiyo kazi yenyewe. Katika vyumba vidogo vinavyoitwa sekretaria, karibu na shule na vyuo vikuu, kompyuta moja ndiyo inaandika barua, vyeti na kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi. Ikizima, siku imepotea, na pengine chakula cha jioni pia. Kuagiza nyingine kumekuwa kugumu zaidi tangu mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa na benki nazo zikafunga milango.

Ndiyo maana fundi mwenye msumeno, mita na uvumilivu ana jambo la kufanya nyumbani kwake: kujenga upya sanduku la kompyuta, kufuatana na mazingira ya Goma.

Sanduku lililofikiriwa kwa ajili ya mahali pengine

Masanduku mengi ya madukani yalitengenezwa kwa ofisi zenye sakafu safi na madirisha yaliyofungwa. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu metre 1.500 juu ya usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni ile ile, ikizunguka kwa mwendo ule ule, inapitisha hewa pungufu na kuondoa joto pungufu.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na wakaaji walijenga upya juu yake. Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Mawe hayo yakisagwa na magari na pikipiki yanakuwa vumbi gumu linaloingia kila mahali. Moshi wa volkano nao una salfa. Wakaaji wa eneo hili wanajua namna manjanja ya nyumba yanavyoshika kutu mapema. Salfa hiyo inashambulia pia shaba na fedha, metali ambazo zimo ndani ya kompyuta.

Mfano wa bidoni

Wazo la kuacha sanduku la kiwandani si geni. Mwaka 2011, huko Ufaransa, wanafunzi wa ENSCI, shule ya ubunifu ya Paris, walichukua vipande vya kompyuta zilizotupwa na kuvipanga ndani ya bidoni ya litri 20, kama zile ambazo watoto na wamama wa Goma wanabeba kila siku kutoka ziwani. Kompyuta hiyo ilipewa jina la Jerry, na programu zake ni huru, za bure.

Jerry ilivuka bahari. Mjini Lomé, nchini Togo, vijana wa karakana ya Woelab, iliyoanzishwa mwaka 2012 na msanifu majengo Sénamé Koffi Agbodjinou, walijenga Jerry zao. Katika karakana hiyo hiyo, mwaka 2013, Afate Gnikou alionyesha W.Afate, mashine inayochapisha vitu vya plastiki, ambayo aliijenga kwa vipande vya printa na skana zilizotupwa. Vijana wa Côte d'Ivoire nao walifuata njia ya bidoni.

Bidoni ina faida tatu: ni nyepesi, inakatwa kwa kisu chenye makali, na ina mshikio wa kuibebea. Inakatwa pande tatu ili upande wa nne ubaki kama bawaba ya mlango. Lakini bidoni iliyowahi kubeba petroli isitumiwe. Mvuke wake unabaki ndani muda mrefu, na kisu cha moto kinaweza kuulipua.

Mwenye kupenda mbao naye hana haja ya kwenda mbali. Huu ni mji wa nyumba za mbao na wa chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili ambalo lina hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini. Tripleksi ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu haipindiki sana. Mbao za mikaratusi zinafaa pia, lakini lazima ziwe zimekauka vizuri. Ubao mbichi ukipata joto la kompyuta kila siku unajikunja na kung'oa visi.

Vipimo kwanza, msumeno baadaye

Kujenga sanduku nyumbani kunawezekana kwa sababu vipande vya kompyuta vina vipimo vya pamoja. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo cha ATX: kadi mama, ile mafundi wanaita carte mère, yenye milimetre 305 kwa 244. Ndugu yake mdogo, micro-ATX, ana 244 kwa 244. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ilitoa Mini-ITX, yenye 170 kwa 170. Kisanduku cha umeme, alimentation, cha aina ya ATX kina upana wa milimetre 150 na kimo cha 86, na mara nyingi urefu wa 140.

Pamoja na hayo, fundi mwenye busara hakati kabla ya kupima vipande vyake mwenyewe. Njia rahisi ni kuweka kadi mama juu ya karatasi ngumu na kutia alama ya kila tundu kwa kalamu. Karatasi hiyo inakuwa ramani. Inafaa pia kujenga sanduku zima la karatasi ngumu kwanza, kuweka vipande vyote ndani, na kuona kama nyaya zinafika na mkono unaingia. Kosa kwenye katoni halina bei. Kosa kwenye tripleksi lina bei.

Kadi mama isilale moja kwa moja juu ya ubao ao juu ya chuma. Chini ya kila visi kunawekwa kiguu cha milimetre 6 hivi, ili hewa ipite nyuma yake na sehemu zenye umeme zisiguse kitu. Viguu vya shaba vinapatikana ndani ya masanduku ya zamani, na visi zake vilevile. Kwa hiyo sanduku lililokufa lisitupwe kabla ya kutolewa vitu hivyo.

Hewa iingie kwa mlango mmoja

Hapa ndipo sanduku la Goma linatofautiana na lile la dukani. Hewa ya baridi iingie mbele, chini. Hewa ya moto itoke nyuma, juu, kwa kuwa joto linapanda. Feni inayoingiza iwe na nguvu kuliko inayotoa. Hivyo hewa iliyomo ndani inasukuma kuelekea nje, na vumbi halivutwi kupitia kila mwanya. Likiingia, litapita kwenye mlango mmoja tu, na kwenye mlango huo kunawekwa chujio.

Chujio linaweza kuwa kitambaa cha soksi ndefu ya nailoni, kilichovutwa juu ya fremu ndogo inayotoka bila turnavisi. Neti ya mbu peke yake ina matundu makubwa mno kwa vumbi la hapa. Kwa kuwa kitambaa kinapunguza hewa, na hewa ya Goma ni nyepesi tayari, feni kubwa ya milimetre 120 ni bora kuliko ndogo mbili zenye kelele. Visi zake nne ziko kwenye mraba wa milimetre 105 kila upande.

Sanduku lisikae sakafuni. Hata nusu metre juu ya ardhi inapunguza vumbi linaloinuliwa na miguu na ufagio.

Umeme hauna mchezo

Sanduku la chuma linafanya kazi moja isiyoonekana: linaunganishwa na waya wa ardhi, terre, kupitia kisanduku cha umeme. Waya ukikatika ndani na kugusa chuma, umeme unapata njia ya kushuka ardhini badala ya kupita katika mwili wa mtu. Mbao na plastiki hazitoi ulinzi huo. Kwa hiyo kisanduku cha umeme kibaki ndani ya chuma chake chenyewe, na kifungwe juu ya kipande cha alumini pamoja na kadi mama. Lakini hayo yote yanasaidia tu kama prizi ya nyumba ina waya wa ardhi. Katika nyumba ambayo fundi wa umeme hakuuweka, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya sanduku.

Kisanduku cha umeme kisifunguliwe na asiyekijua. Kinaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa kwenye prizi.

Kinachookolewa

Ndani ya kadi mama kunaweza kuwa na vipande vidogo vya tantali, metali inayotokana na koltani. Machimbo ya Rubaya, katika Masisi, magharibi ya Goma, yanakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Madini yanatoka hapa kwa kilo, halafu yanarudi ndani ya mashine ambazo familia inachanga miezi ili kununua moja. Kutupa kadi nzima kwa sababu ya vumbi ni hasara kubwa kwa watu wa Kivu.

Kazi ikiisha, kuna majaribio mawili. La kwanza ni la siku hiyo: mashine iwashwe saa moja, ifanye kazi ya kawaida, na kipimo cha joto kitazamwe. Kikipita digrii 80, kuna njia ya hewa iliyozibwa ao feni iliyogeuzwa. La pili linangoja mwezi mmoja. Chujio litolewe na sanduku lifunguliwe. Ikiwa kitambaa ni cheusi na feni ni safi, sanduku limefanya kazi yake. Kitambaa kifuliwe, kikauke, na kirudishwe mahali pake.