Mtoto Ameshiba, Mbona Haongezi Uzito?

Leo tutaangalia chakula ambacho watoto wengi hukipenda: madonge matamu ya unga wa ngano, yanayoumuliwa kwa hamira na kupikwa kwa mvuke.

Siku moja mama mmoja alimleta kliniki mtoto wa miezi kumi. Tulipompima, tuliona kwamba hakuwa ameongeza uzito kwa miezi miwili. Mama alishangaa. "Lakini sista, huyu anakula vizuri sana!" Nilimwuliza anampa nini. Akasema asubuhi na jioni humlowekea donge katika chai ya rangi, naye humaliza yote na kulala.

Je, madonge hayo ni mabaya? La, si mabaya. Hayafyonzi mafuta kama mandazi, tena hakuna karai la mafuta moto jikoni ambako watoto wanacheza. Shida ni kwamba tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa ngano na chai, hakuna nafasi ya chakula cha kumjenga. Ngano humpa nguvu, lakini mtoto anayekua anahitaji pia yai, maharagwe, samaki, maziwa, mboga na matunda.

Na chai je? Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa viwandani uongezwe madini ya chuma, ambayo husaidia kutengeneza damu. Lakini chai huzuia mwili kuyachukua madini hayo. Kwa hivyo, mama, unampa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Usimpe mtoto mdogo chai.

Sasa tuyapike vizuri zaidi. Chukua vikombe viwili vya unga, kijiko kimoja kidogo cha hamira kavu, yai moja na ndizi moja mbivu iliyopondwa. Ndizi italeta utamu, kwa maana mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji kuongezewa sukari. Kanda kwa maziwa yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, ukiyamimina kidogo kidogo mpaka unga uwe laini. Yasiwe moto, kwa sababu hamira ni kitu chenye uhai; ukiiunguza, unga hautaumuka. Funika, uweke mahali penye joto kwa muda wa saa moja hivi, mpaka uvimbe mara mbili.

Fanya madonge madogo, uyaache yaumuke tena kwa dakika kumi na tano. Yapange juu ya chombo chenye matundu kilichopakwa mafuta kidogo, ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka. Maji yasiguse madonge. Funika vizuri, upike kwa dakika kumi na tano hadi ishirini bila kufunua. Chomeka kisu katikati: kikitoka kikavu, yameiva. Unapofunua, elekeza mfuniko mbali na uso wako, na watoto wasiwe karibu, kwa maana mvuke huunguza vibaya.

Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula, mpe donge pamoja na maharagwe yaliyopondwa, au samaki aliyetolewa miiba. Mnyonyeshe pia kama kawaida. Usimpe donge zima, kwa sababu ngano laini hunata na inaweza kumkaba. Likate vipande vidogo sana au ulilainishe kwa maziwa. Akae wima, nawe uwe naye. Usimlishe akilia, akicheka au akitambaa.

Mama yule hakuacha kupika madonge. Aliacha chai, akaongeza yai na maharagwe. Mwezi uliofuata, mstari katika kijitabu cha kliniki ulikuwa umeanza kupanda.

Nawe, mama, fungua kijitabu cha mtoto wako leo. Kama mstari umelala au unashuka, usingoje. Mlete kliniki apimwe, kwa sababu huenda pia kuna ugonjwa uliojificha. Kushiba ni jambo moja na kukua ni jingine. Mtoto anahitaji yote mawili.