Mji Usiotumia Mafuta (Sehemu ya 2): Maharage ya Kizwite

Katika sehemu ya kwanza tulieleza nishati ya kisukuku ni nini: petroli, dizeli, gesi na makaa ya mawe, masalia ya viumbe vilivyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Leo tupande hadi Sumbawanga, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, tuutazame mji wa kesho tukianzia jikoni.

Mpishi wa Kizwite anajua kuwa maharage ya huku hayaivi upesi. Kosa si la maharage. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hapa Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ongeza mkaa utakavyo, maji yatatokota na kukauka, lakini joto lake halitapita hapo. Jiko la presha la umeme hubana mvuke ndani, na joto likavuka nyuzi 110. Jiko la wati 1,000, hata likiwaka saa nzima mfululizo, halimalizi zaidi ya uniti moja ya LUKU. Mtungi wa gesi nao umewaondolea mama zetu moshi, na hilo ni jema. Lakini gesi yake ni ya kisukuku vilevile, na huletwa huku na lori la dizeli.

Umeme wa jiko la presha utoke wapi? Kwa miaka mingi Sumbawanga imewashiwa taa na Zambia, nchi inayotegemea sana maji ya mito. Mwaka 2024 ukame ulipoikumba Zambia, Bwawa la Kariba lilipungua na mgawo mkali ukafuata. Mradi wa TAZA, laini ya kilovoti 400 inayopita Iringa, Mbeya na Tunduma, umelenga kuufikisha mji huu kwenye gridi ya Taifa. Ni hatua kubwa, ila gridi hiyo bado inachoma gesi asilia. Waya peke yake hauondoi mafuta.

Wengine watasema: Namwele kuna makaa ya mawe, tuyachimbe. Nasi tujibu kwamba hewa ukaa yake hukaa angani karne kwa karne na kuvuruga majira, na mkulima wa mahindi wa Laela anaishi kwa mvua.

Jibu liko kwetu. Ufipa, uwanda huu wa Sumbawanga, ina mvua ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mito inapojaa, mawingu huficha jua. Mito inapopungua, anga hutakata. Maji na jua hupokezana zamu za kuzalisha umeme. Na baridi yetu ni mtaji: paneli ya jua hutaka mwanga, haitaki joto. Kila nyuzi moja inayozidi 25 kwenye paneli hupunguza umeme wake kwa karibu asilimia 0.4. Asubuhi ya Julai, watu wakiwa wamejifunika mablanketi, ndipo paneli hufanya kazi vizuri.

Tazama basi mji wa kesho. Mashine ya kusaga haingurumi tena kwa dizeli. Inazungushwa na jua, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Haihitaji betri kubwa, kwani unga uliosagwa mchana hungoja ugali wa usiku. Chungu cha maharage nacho hubandikwa adhuhuri. Kazi inayoweza kungoja jua, na ingoje.

Wahenga wa Ufipa waliielewa hekima hii. Malungu yao, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi, yaliyeyusha chuma bila mivukuto: hewa moto ilipanda juu, na hewa baridi ikajivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Yalikula mkaa mwingi wa miti, na hilo tusilirudie. Lakini walijenga wakijua hewa ya kwao inavyokwenda. Nasi tukijenga kwa kuijua baridi yetu, jua letu na mvua zetu, mji wa kesho utakuwa wetu.

Wiki ijayo: bodaboda, malori na barabara ya Tunduma.