Kalibu ya Kutengenezea Kalibu

Wenzetu wa chama cha tarakilishi wana kejeli yao: ati Kiswahili chenu chaweza kueleza metaklasi? Haya, tuone.

Ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni utaona kando ya barabara watu wakifyatua matofali ya saruji. Kalibu ni moja, matofali ni mengi, na yote yako sawa. Lugha nyingi za programu hufanya vivyo hivyo. Mwandishi wa programu huunda kalibu, yaani klasi, akaeleza humo kitu kitakuwa na sifa gani na kitafanya kazi gani. Kisha tarakilishi hufyatua vitu kutokana nayo, hata elfu kumi ukitaka.

Sasa kalibu yenyewe ilitoka wapi? Si iliundwa na seremala! Seremala huyo ndiye metaklasi. Akiamua kwamba kila kalibu itokayo kwake itiwe mishikio na kuandikwa katika daftari lake, basi mfyatuaji hapigi hata msumari mmoja. Anapokea kalibu iliyotimia.

Lakini kwani lazima? Sababu yake ilielezwa vizuri mwaka 1991, katika kitabu cha Gregor Kiczales, Jim des Rivières na Daniel Bobrow kuhusu CLOS, yaani utaratibu wa klasi na vitu katika lugha ya Lisp. Watumiaji walikuwa wakivutana. Nami nitaueleza mvutano huo kwa mambo ya kwetu. Tuseme wewe wafuatilia mashua za wavuvi wa Gazi. Kila mashua ina namba mbili tu za kuonyesha ilipo, nawe wataka zisomwe upesi sana. Mwenzako aandika kadi za wagonjwa: kadi moja ina maswali mia tano, na mgonjwa wa kawaida hujibiwa ishirini. Kumwekea kila mgonjwa nafasi mia tano ni kuharibu kumbukumbu ya mashine bure. Je, mwenye lugha amfuate nani? Akimpendelea mmoja, mwingine ataumia. Akiwatimizia wote kila wanalotaka, lugha itakuwa jahazi lililopakiwa hadi maji yaingie.

Basi wakaamua kumfungulia mtumiaji karakana. Desturi ya kawaida ipo, nayo huwatosha wengi. Anayetaka tofauti huandika metaklasi yake, na kadi zake pekee ndizo zitakazohifadhiwa kwa njia nyingine. Wa mashua haguswi, na hakuna anayengoja lugha mpya. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wote wa jambo hili.

Usidhani ni mambo ya Wazungu tu. RapidPro, programu ya kuuliza watu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu na kupokea majibu yao, iliundwa na kampuni ya Nyaruka ya Kigali, Rwanda, nayo UNICEF ikaizindua mwaka 2014. Imejengwa juu ya Django, mtambo wa lugha ya Python uliotolewa kwa umma mwaka 2005. Katika Django, mwandishi hutaja tu klasi na sifa zake: jina, simu, kijiji. Klasi inapozaliwa tu, metaklasi huidaka, hukusanya sifa hizo, huongeza namba ya utambulisho ikiwa haikutajwa, kisha huisajili ili ipate jedwali lake katika hifadhi ya data. Mwandishi hakuandika hata mstari mmoja wa kazi hiyo.

Walakini uficho huo una bei. Kosa likitokea, msomaji wa programu ataikagua kalibu asubuhi hadi jioni asilione, kumbe liko kwa seremala! Python 3.6, mwaka 2016, ilileta njia nyepesi: klasi mama yaweza kuarifiwa kila apatapo mtoto, ikamrekebisha yenyewe. Kazi ndogondogo kama za kusajili hazihitaji tena metaklasi. Zile za kubadili namna klasi yenyewe inavyoundwa, bado.