Somo la Kiingereza: Neno "Lame"

Leo tujifunze neno "lame". Tamka "leim". Maana yake ya asili ni mwenye kuchechemea, kama ng'ombe aliyeumia mguu. Lakini Waingereza husema pia "a lame excuse", yaani udhuru usiomridhisha mtu. Nao hutanguliza sifa mbele ya jina. Mfanyakazi akichelewa siku tatu, na kila siku akasingizia pancha ya baiskeli, udhuru wake unachechemea, haufiki mbali. Basi, ukiandikiwa hivyo na mkuu wako wa kazi, usidhani ametukana mguu wako: hajaamini sababu uliyotoa. Ila mtu mwenye ulemavu usimwite "lame", utamvunjia heshima. Sasa andika daftarini sentensi moja yenye maneno hayo.