Mtunzi Aliyeipitia Mbeya Mbiombio

Ndugu msomaji, watunzi wa riwaya ni watu wenye visingizio vingi. Kalamu ikiwa nzito, mmoja hukumbuka ghafla kwamba kuku hawajapewa maji. Mwingine huona ni lazima aende sokoni yeye mwenyewe kuchagua viazi. Kisingizio cha Evelyn Waugh, mtunzi mashuhuri wa Uingereza, kilikuwa baridi ya kwao. Mwanzoni mwa mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 55, aliiacha meza yake, akapanda meli kuja Afrika ya Mashariki kuota jua. Safari hiyo ikamfikisha Iringa na Mbeya! Bahati yake hakuja mwezi Juni, maana huku angeomba blanketi la pili.

Bwana huyu hakuwa mgeni kabisa wa pande zetu. Mwaka 1930 alikwenda Addis Ababa kuandika habari za kutawazwa kwa Haile Selassie, kisha akashuka hadi Zanzibar, ambako joto lilimtesa hata asijue la kufanya. Baadaye, kutokana na kazi yake ya kuripoti vita vya Uhabeshi, alitunga riwaya ya Scoop, iliyotoka mwaka 1938 na kutufanyia mzaha mkubwa sisi waandishi wa magazeti. Tumemsamehe, mengi aliyosema ni ya kweli.

Basi katika safari ya 1959 alipita Kongwa, akayacheka mabaki ya ule mradi wa karanga ambao serikali ya Kiingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuutupa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya fedha. Hapo tunacheka pamoja naye. Lakini alipofika Mbeya aliona mapaa mekundu, miti ya kigeni, benki, posta, kituo cha polisi na kiwanja kidogo cha ndege. Akaamua kwamba ni kijiji cha Kiingereza kisicho na sababu yoyote ya kuwapo tangu dhahabu ilipokwisha. Hukumu hiyo ameiandika katika kitabu chake cha safari, A Tourist in Africa, kilichochapishwa mwaka 1960.

Hapo, ndugu msomaji, mzee wa Kisafwa ana haki ya kuguna. Kweli dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ndiyo iliyowaleta wageni kwa wingi. Lakini je, ni nani aliyekuwa akilima miteremko ya Loleza kabla ya benki hiyo kujengwa? Mtu akiutazama mji kutoka upande wa posta ataona posta tu. Laiti angalimfuata mama mmoja mwenye tenga la viazi hadi sokoni, angalirudi na riwaya nzima, tena ya kuchekesha. Reli ya Tazara ilipokamilika mwaka 1975 ilipita papo hapo; na sensa ya mwaka 2022 iliwakuta katika jiji hilo watu zaidi ya nusu milioni, kila mmoja na sababu yake ya kuwapo.

Iringa nako kulikuwa na hadithi tele za kumtosha mtunzi. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilikuwa limerudishwa Kalenga mwaka 1954, baada ya kukaa ugenini Ujerumani kwa zaidi ya nusu karne. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, ndiye aliyekuwa chifu wa Wahehe, na miaka michache baadaye akawa Spika wa Bunge. Kule Isimila, wataalamu walikuwa wamemaliza punde tu kuchimbua zana za mawe za watu wa kale.

Siwezi kumlaumu mgeni kwa kutojua lugha. Mwenye kuijua naye alikuja kwa wakati wake. Mwaka 1977 Claude Mung'ong'o alitoa Mirathi ya Hatari, riwaya ya urithi na uchawi katika vijiji vya Njombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Wahusika wake hawaonekani kutoka dirishani mwa hoteli. Ni watu wa kukaa nao jikoni, moshi ukikuingia machoni.

Waugh yeye aliendelea na safari kuelekea Rhodesia, kisha Cape Town, akapanda meli kurudi kwao. Huko ilikuwa tayari majira ya kuchipua, na meza ilikuwa ikimngoja.