Sheria na Biashara kwa Msomi Mmoja: Haja ya Elimu ya Pande Mbili Kitui na Makueni

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Methali hii hutajwa aghalabu pindi kijana anapotangaza nia ya kusomea sheria na biashara kwa pamoja. Makala haya yanalenga kufafanua maana ya elimu hiyo, njia inayomfikisha mwanafunzi wa Kenya huko, na sababu zinazoifanya kuwa haja, wala si fahari, katika kaunti za Kitui na Makueni.

Kwanza, ni muhimu kubainisha tofauti ya mifumo. Nchini Marekani, sheria husomewa baada ya shahada ya kwanza, kwa muda wa miaka 3, ilhali uzamili wa usimamizi wa biashara huchukua miaka 2. Baadhi ya vyuo vikuu, kikiwemo Harvard, huziunganisha shahada hizo zikakamilika kwa miaka 4, kwa kuwa kozi kadhaa huhesabiwa pande zote mbili. Nchini Kenya, sheria ni shahada ya kwanza ya miaka 4. Anayetaka kuwa wakili hana budi kuendelea na mafunzo ya uwakili, kupitia uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu, na kufaulu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Uzamili wa biashara huja baada ya hapo, au husomwa sambamba na kazi. Kwa hivyo, Mkenya huijenga elimu hii tofali juu ya tofali, na humlazimu kupima mapema karo, muda na uwezo wa jamaa zake.

Mfano wa njia hiyo haupo mbali. Kalonzo Musyoka, mzaliwa wa Tseikuru katika Kitui, alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1977, kisha akaenda Cyprus kusomea usimamizi wa biashara. Aliingia bungeni mwaka 1985 na kuwa Makamu wa Rais kuanzia 2008 hadi 2013. Hata hivyo, thamani ya elimu hii haipaswi kupimwa kwa vyeo vya waliyoipata. Kipimo chake ni yale inayoweza kumfanyia mkulima na mwenye shamba.

Hebu tuangalie suala la madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Wakili huiona asilimia 10 hiyo kama haki iliyolindwa na sheria, naye hajakosea. Mhasibu huuliza: asilimia 10 ya nini? Tuchukulie kwamba madini yameuzwa kwa shilingi milioni 100, na kiwango cha mrabaha ni asilimia 5. Mrabaha ni shilingi milioni 5, na fungu la jamii ni shilingi 500,000, yaani nusu ya asilimia moja ya mauzo. Anayezijua taaluma zote mbili huwaeleza wanakijiji haki yao pamoja na kiasi chake kabla hawajaweka sahihi au alama ya kidole gumba.

Haja hiyo ilijitokeza pia katika Bonde la Mui, Kitui, kulikogunduliwa makaa ya mawe. Wenyeji walifika mahakamani wakilalamikia, pamoja na mengine, namna walivyoshirikishwa. Uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2015 ulifafanua misingi ya ushirikishaji wa umma, na hadi leo hurejelewa katika kesi nyingine. Yamkini funzo kuu ni kwamba mtu hashirikishwi kikamilifu katika jambo asilolielewa hesabu yake.

Makueni nako kuna mchanga na maembe. Kaunti hiyo ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, wakati gavana wake alikuwa Profesa Kivutha Kibwana, msomi wa sheria. Sheria ya aina hiyo hudumu iwapo tu wanaoishi kando ya mito wanapata riziki nyingine. La sivyo, malori hurudi usiku. Ama kuhusu maembe, mkataba unaweza kutaja bei ya kilo moja bila kutaja ni nani anayeamua kwamba tunda limeharibika. Pengo hilo dogo latosha kumeza faida ya msimu mzima.

Isitoshe, fikra ya kuunganisha kanuni na uchumi si ngeni Ukambani. Katika mwethya, watu walichimba matuta katika shamba la mmoja wao kwa zamu. Kila mmoja alijua wajibu wake, na aliyekwepa alijulikana. Hapo sheria na hesabu zilikaa chini ya mti mmoja, kwa lugha ambayo wote waliifahamu.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hayo, mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye shamba huhadithiwa tu yaliyomo. Msomi wa sheria na biashara asiyeweza kuufafanua mrabaha, dhamana au hasara kwa Kiswahili sanifu, na kwa Kikamba inapobidi, atakuwa amesomea nusu ya kazi yake.

Kwa kuhitimisha, mshika mbili huponyokwa na moja iwapo mbili hizo zinavutana. Sheria na biashara, katika Kitui na Makueni, zimeandikwa katika karatasi ile ile moja. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuwapa wasomi hao istilahi, ili karatasi hiyo isomeke na yule ambaye ardhi yake imetajwa ndani.